Karakana Isifungwe Kufuli Tena: Vyama vya Msingi na Elimu ya Amali katika Shule za Sekondari

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Msimu uliopita nilifika katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa kwa ajili ya ukaguzi wa kawaida. Vitabu vilikuwa safi. Daftari la fedha lilikubaliana na taarifa ya benki, stakabadhi zilifuatana kwa namba, na rejesta ya wanachama ilikuwa kamili. Hata hivyo, katika hesabu za mwezi mmoja niliona upungufu ambao haukutokana na wizi wala uzembe wa kuandika. Chama kilikuwa kimepokea kahawa mbivu kwa siku mbili mfululizo, lakini kahawa hiyo ikauzwa kwa daraja la chini na kwa bei hafifu. Nilipouliza sababu, Katibu hakunijibu kwa maneno. Alinipeleka kwenye mtambo wa kumenyea.

Mtambo ulikuwa umesimama siku hizo mbili kwa sababu ya beringi moja iliyoungua. Beringi iliungua kwa kukosa grisi. Grisi yenyewe ilikuwapo stoo, ila mzee aliyeuhudumia mtambo huo kwa miaka mingi alikuwa amelazwa hospitali, na hapakuwa na mtu mwingine aliyejua grisi hupakwa wapi na baada ya saa ngapi. Kila mkulima wa kahawa anajua kwamba kahawa mbivu inatakiwa kupita mtamboni siku ile ile iliyochumwa. Ikilala, huanza kuchacha na ubora wake hushuka. Fundi aliitwa kutoka mjini, akalipwa nauli, posho na ujira. Kazi aliimaliza kabla ya adhuhuri.

Nilipotoka nje niliwakuta vijana sita wameketi chini ya mti karibu na ofisi ya chama. Wote walikuwa wamemaliza kidato cha nne, na wote ni watoto wa wanachama. Hapana hata mmoja wao aliyewahi kuona ndani ya mtambo ule, ijapokuwa kahawa iliyopita humo ndiyo iliyowanunulia madaftari na sare za shule.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: elimu ya amali iliyoanzishwa katika shule zetu za sekondari ni nini, kwa nini majaribio ya zamani ya elimu ya namna hii yalififia, na chama cha msingi kinaweza kufanya nini, kwa kufuata taratibu za ushirika, ili safari hii jambo lisife.

ELIMU YA AMALI NI NINI

Neno amali si geni. Maana yake ni kazi au ujuzi wa mikono unaompa mtu riziki, na ndugu zetu wa Zanzibar wamelitumia kwa muda mrefu kwa mafunzo ya ufundi. Kwa upande wa Bara limeenea kutokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la mwaka 2023, ambayo imeigawa elimu ya sekondari katika mikondo miwili, yaani mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Utekelezaji ulianza Januari 2024 katika baadhi ya shule, na Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Sera hiyo rasmi mjini Dodoma tarehe 1 Februari 2025. Sera hiyo hiyo inataka elimu ya lazima iwe ya miaka 10, yaani miaka 6 ya msingi na 4 ya sekondari.

Mwanafunzi wa mkondo wa jumla husoma masomo tuliyoyazoea. Mwanafunzi wa mkondo wa amali husoma baadhi ya masomo ya jumla, kama vile Hisabati na Kiingereza, na pamoja nayo huchagua fani ya ujuzi. Miongoni mwa fani hizo zimo kilimo, ujenzi, umeme, makanika, ushonaji, ukarimu na utalii, michezo na sanaa. Masomo ya jumla hupimwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na ujuzi wa fani hupimwa kwa utaratibu wa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambalo wengi wetu tunalifahamu kwa jina la NACTVET.

Tofauti na zamani ni hii. Mafunzo ya ufundi stadi yalikuwapo, na VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden. Lakini kwa vijana wengi vyuo hivyo vilikuwa mlango wa pili, unaobishwa hodi baada ya mlango wa sekondari kufungwa. Sasa ujuzi unaingizwa ndani ya sekondari yenyewe, wakati kijana yungali na mwalimu, na wakati mzazi angali anamhesabu kuwa mwanafunzi.

Hapa ndipo penye shaka ya wazazi wengi. Nimesikia ikisemwa kwenye mikutano kwamba amali ni mkondo wa walioshindwa. Fikra hiyo si sahihi, na ni wajibu wetu kuirekebisha. Kijana wa mkondo huu akitimiza sifa zinazotakiwa aweza kuendelea na masomo katika vyuo vya ufundi, mfano wa Chuo cha Ufundi Arusha au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Na asipoendelea, hatarudi nyumbani mikono mitupu.

TULIWAHI KUJARIBU

Yafaa tukumbushane kwamba taifa hili halianzi leo. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule ziwe mahali pa kazi na si pa vitabu peke yake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisisitiza tena kuunganisha elimu na kazi; kwa miaka kadhaa baada ya hapo vijana wa kidato cha sita walitakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Katika miaka hiyo ya sabini shule za sekondari ziligawiwa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga zilijipatia sifa, na mafundi waliotoka huko wameijenga nchi hii.

Hata hivyo michepuo mingi ilififia. Mimi mwenyewe nilisoma, katika miaka ya tisini, katika shule iliyokuwa na karakana nzuri ya matofali. Ilikuwa imefungwa kufuli. Kupitia dirishani tuliona meza za useremala na mashine ya kukereza chuma iliyoshika kutu. Meza mbili zilitolewa zikapelekwa bwalo la chakula. Nilimaliza kidato cha nne bila kushika randa, ndani ya shule ambayo ilijengewa karakana ili nishike randa.

Sababu za kufifia huko si siri. Vifaa vilikuwa ghali, na uchumi ulipoyumba mwishoni mwa miaka ya sabini na katika miaka ya themanini, vipuri havikupatikana. Walimu wa ufundi walikuwa wachache. Mahali pengi kazi ya shule iligeuka kuwa kulima shamba bila kufundishwa kilimo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1985, uliolinganisha shule za michepuo za Tanzania na za Colombia, ulionyesha kwamba shule hizo ziligharimu zaidi, na bado wahitimu wake hawakupata nafuu kubwa ya kazi kuliko wenzao.

Mimi naongeza sababu moja kutoka upande wetu wa ushirika. Michepuo ilipokuwa ikianza kushika mizizi, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na havikurejeshwa mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1982. Vyama hivyo ndivyo vilivyokuwa na viwanda vya kuchambulia pamba, magari na maghala huko vijijini. Shule ikabaki na somo, lakini jirani yake mwenye mashine hayupo. Somo la ufundi lisilo na mahali pa kazi ni sawa na mbegu iliyowekwa juu ya jiwe.

KARAKANA NI YA DAKIKA MBILI

Tuchukue hesabu ndogo. Darasa lina wanafunzi 40, na shule ina mashine moja ya kuchomelea. Kipindi cha mazoezi ni dakika 80. Tukigawa sawasawa, kila mwanafunzi atashika mashine kwa dakika 2. Hapana mtu aliyepata kuwa fundi kwa dakika mbili mbili.

Serikali inaendelea kujenga karakana na kuajiri walimu, na hatuna budi kuliunga mkono jambo hilo. Lakini saa za mazoezi hazitatosha kamwe zikitoka shuleni peke yake. Ni lazima zitafutwe pia mahali ambapo kazi inafanyika kweli, na vijijini chama cha msingi ni mojawapo ya mahali hapo. Ndugu Katibu, tazama chama chako kwa jicho la mwalimu, nawe utaona yafuatayo:

(a) Mitambo. Mtambo wa kumenyea kahawa, mashine ya kukoboa mpunga, mashine ya kukamua alizeti, trekta au pampu. Kila mmoja una injini au mota, mikanda, beringi na nyaya. Humo mna fani ya makanika na ya umeme.

(b) Mizani na ghala. Kupima unyevu, kupanga magunia, kutambua madaraja ya zao, kuzuia wadudu, kuandika hati za mapokezi. Humo mna fani ya kilimo na utunzaji wa mazao.

(c) Vitabu vya hesabu na kompyuta. Vyama vyetu vinatakiwa kuingiza taarifa zao katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU. Nimekuta vyama vinavyomlipa mtu wa mjini kuingiza takwimu hizo, wakati kijana aliyesoma biashara anakaa nyumba ya tatu kutoka ofisini.

(d) Majengo. Paa linalovuja, sakafu ya kuanikia iliyopasuka, milango inayotaka bawaba. Hiyo ni kazi ya mwashi na seremala.

(e) Wazee wenye ujuzi. Hii ndiyo mali kubwa kuliko zote, nayo haimo katika rejesta ya mali yoyote niliyopata kuikagua. Yule mzee aliyelazwa hospitali hana cheti, lakini sikio lake husikia beringi mbovu kabla haijaungua. VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi wa namna yake hupimwa kwa kazi anayoifanya, akapewa cheti. Chama kikimsaidia kupimwa, kitakuwa kimempa heshima yake na kimejipatia mkufunzi.

HATUA ZA KUFUATA

Kanuni ya tano ya ushirika duniani ni elimu, mafunzo na taarifa, na ya saba ni kujali jamii. Waanzilishi wa Rochdale, wale wafumaji na mafundi wa Uingereza walioanzisha duka lao mwaka 1844, walifikia kutenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Nasi Chuo cha Ushirika cha Moshi, kilichoanza mwaka 1963 na kuwa Chuo Kikuu cha Ushirika mwaka 2014, ni ushahidi kwamba ushirika na elimu havitengani. Kwa hiyo chama kinachosaidia elimu ya amali hakitoki nje ya shughuli zake. Ila kila shilingi na kila hatua ifuate utaratibu, kama ifuatavyo:

1. Katibu aandike orodha ya mitambo, vifaa na kazi za chama ambazo mwanafunzi aweza kujifunza, pamoja na jina la mtu atakayemwongoza katika kila kazi.

2. Mwenyekiti na Katibu waonane na mkuu wa shule ya sekondari iliyo karibu. Waulize shule inafundisha fani zipi. Shule isipokuwa na mkondo wa amali, bado wanafunzi wa masomo ya kilimo na biashara wanahitaji mahali pa mazoezi.

3. Bodi ijadili na kuandika makubaliano mafupi na shule: wanafunzi wangapi, siku zipi, nani anawajibika kwa usalama, na nani anathibitisha walichojifunza.

4. Jambo liingizwe katika agenda ya Mkutano Mkuu. Ikiwa kuna fedha zitakazotumika, kama vile chakula cha mchana, glovu, miwani ya kuchomelea au ada ya kupimwa ujuzi, ziwekewe kifungu katika makisio ya mapato na matumizi kwa kufuata masharti ya chama. Bodi isikate fedha katika malipo ya mazao ya wakulima kwa jina la elimu bila idhini ya wanachama. Nikikuta makato hayo nitayaandikia hoja ya ukaguzi, hata kama nia ilikuwa njema.

5. Liwekwe daftari la mafunzo. Kila siku iandikwe tarehe, jina la mwanafunzi, kazi aliyoifanya na sahihi ya aliyemwongoza. Daftari hilo litamfaa mwanafunzi anapotafuta kazi au chuo, na litakifaa chama panapotokea swali.

Kuhusu wakati unaofaa, watu wengi hudhani ni wa msimu, mtambo unapounguruma. La hasha. Mtambo hufundisha vizuri zaidi ukiwa umesimama. Wiki chache kabla ya msimu, unapofunguliwa kwa matengenezo, ndipo mwanafunzi huona kila kiungo, hujua jina lake na kazi yake, na wala hakuna mkanda unaozunguka wa kumdhuru. Likizo za shule zipangwe zikutane na matengenezo hayo kila inapowezekana.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kwanza, mwanafunzi si kibarua wa bure. Akipewa kubeba magunia kutwa nzima, huyo hajifunzi, bali anatumikishwa. Na hilo ndilo lililoharibu jina la Elimu ya Kujitegemea mahali pengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inakataza kumweka aliye chini ya miaka 18 katika kazi za hatari. Kipimo chepesi ni hiki: jioni mwulize mwanafunzi amejifunza nini. Akikosa jibu, siku hiyo chama kimemdhulumu.

Pili, upendeleo. Nafasi zikiwa chache, zitachukuliwa na watoto wa wajumbe wa Bodi na wa Katibu. Nimeyaona hayo katika ajira za karani wa mizani. Uteuzi uachiwe shule kwa vigezo vilivyoandikwa, na majina yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa chama.

Tatu, wasichana. Katika chama kimoja niliambiwa kwamba wasichana watafundishwa kupika chai ya mkutano, na wavulana watafundishwa mtambo. Niliuliza ni nani anayechuma sehemu kubwa ya kahawa ya chama hicho, pakawa kimya. Beringi haimjui mwanamume wala mwanamke; inamjua aliyeipaka grisi.

Nne, tusiahidi ajira. Chama kimoja hakiwezi kuajiri wahitimu wote, na kijana aliyedanganywa hatarudi. Tuahidi kile tulicho nacho, yaani saa za kazi ya kweli, mtu wa kumwongoza, na maandishi yanayothibitisha alichojifunza. Zaidi ya hapo, fundi wa mtambo wa kahawa aweza pia kutengeneza mashine ya kusaga, pampu na pikipiki za kijiji kizima. Na vijana wenye fani waweza wenyewe kuunda kikundi, na hatimaye chama cha ushirika cha mafundi.

MWISHO

Mwezi uliopita nilirudi katika chama kile. Yule mzee alikuwa ametoka hospitali, ila hawezi tena kuinama kwa muda mrefu. Mkutano Mkuu ulikuwa umekubali wanafunzi wanne wa sekondari ya kata, wasichana wawili na wavulana wawili, waje siku za Jumamosi wakati wa matengenezo. Niliwakuta wameuzunguka mtambo uliofunguliwa. Mzee aliketi kwenye kigoda, fimbo mkononi, akionyesha kiungo kimoja kimoja na kuwauliza majina. Msichana mmoja alikosea jina la beringi ya nyuma. Mzee akamwambia airudie beringi hiyo, aiguse, aizungushe kwa kidole, aisikilize.

Sikuwa na hoja ya kuandika siku hiyo, isipokuwa moja: daftari la mafunzo lilikuwa halijatiwa sahihi kwa Jumamosi mbili. Katibu aliahidi kulirekebisha, nami nitakwenda kulitazama.

Ndugu Makatibu, msimu haupo mbali. Kabla ya kufungua mtambo wako mwaka huu, hesabu ni watu wangapi katika chama chako wanaojua kuufunga tena. Ikiwa jibu ni mtu mmoja, peleka jambo hili mbele ya Bodi mwezi huu huu, maana mtu mmoja huugua.